Habari za Babu Yetu Mdogo, Aliyechukuliwa Upagazi Mwaka 1917



Katika kitabu hiki cha mwaka, baada ya hesabu za fedha na orodha ya misiba tuliyosaidiana, ni desturi ya chama kuweka kurasa chache za habari za kale. Mwaka huu halmashauri iliona vema tuandike juu ya ndugu waliokufa wakiwa vijana. Sababu yake yatoka katika kazi yenyewe ya chama. Kila mwanachama afapo, karani huandika jina lake, na chini yake majina ya mjane na watoto. Mzee akifa, nafasi iliyoachwa katika karatasi haitoshi. Kijana akifa kabla ya kuoa, nafasi hiyo hubaki nyeupe, na baada ya miaka michache hakuna aulizaye tena habari zake.

Basi tumechagua kueleza habari za mmoja wa ukoo wetu, aliyetoka Wamunyu mwaka 1917 akiwa na umri wa miaka 20 hivi, asirudi. Alikuwa mdogo wake baba wa babu yetu. Sisi twamwita Babu Mdogo, ingawa yeye hakupata kuitwa baba na mtu yeyote katika maisha yake. Jina lake hasa limeandikwa katika daftari la chama. Hapa hatulipigi chapa, kwa kuwa wako wazee wawili walio hai wanaoitwa kwa jina hilo hilo, na jinsi walivyolipata ndiyo maana ya habari hii.

Kwanza yatupasa kueleza umri wake umejulikanaje, maana hakuna cheti cha kuzaliwa wala kitabu cha ubatizo. Wazee wetu wa Ukambani walihesabu miaka kwa njaa, na kila njaa ilikuwa na jina lake. Njaa kubwa kuliko zote waliyoikumbuka ni ile ya Ngomanisye, ya miaka ya 1898 na 1899. Mvua ilikosekana, ng'ombe walikuwa wamekwisha kufa kwa sotoka katika miaka iliyotangulia, na pamoja na njaa ikaja ndui. Watu wengi mno walikufa, na wengine wakahama makwao kutafuta chakula. Ilikuwa katika siku hizo reli kutoka Mombasa ilipopita kando ya nchi yetu na kufika Nairobi, mwaka 1899. Mama wa Babu Mdogo alisimulia kwamba wakati wa kuhama huko alimchukua mwanawe mgongoni, naye alikuwa angali akinyonya. Tena ilisemwa katika nyumba yake kwamba ile nyota yenye mkia ya mwaka 1910 ilipoonekana, yeye alikuwa mchungaji wa mbuzi, akaogopa kulala nje. Kwa alama hizo mbili twaweza kusema bila shaka kubwa kwamba alizaliwa mwaka 1897 au karibu yake.

Kwa hiyo alikuwa mmoja wa watoto waliopona katika Ngomanisye. Mama yake hakulisahau jambo hili. Mtoto aliyeokolewa katika njaa kama ile huwa na thamani ya namna yake kwa mzazi, na mambo aliyoyafanya mama huyu baadaye hayawezi kueleweka vema kama hatukumbuki njaa hiyo.

Vita Kuu ya Kwanza ilianza mwaka 1914. Waingereza walikuwa wameketi Machakos tangu siku za ile kampuni yao ya biashara, na Wajerumani walikuwa wakitawala nchi ya Tanganyika, ambayo leo ni sehemu ya Tanzania. Wazungu wa pande mbili walipoanza kupigana ng'ambo, vita ikaja mpaka kwetu. Sasa, jeshi lahitaji chakula, risasi, mahema na dawa. Katika nchi ile barabara za magari zilikuwa haba, na wanyama wa mizigo walikufa upesi kwa kuumwa na mbung'o. Basi ikaonekana kwamba mizigo yote itachukuliwa na vichwa vya watu. Hivyo ndivyo kilivyoanzishwa kikosi cha wapagazi, ambacho jina lake la Kiingereza lilitamkwa na watu wetu Kariakoo. Jina hilo lingali likiishi katika mitaa ya Nairobi na Dar es Salaam, palipokuwa na kambi zao, ingawa wengi wanaokwenda sokoni humo hawajui lilitoka wapi.

Mwanzoni baadhi ya watu walikwenda kwa hiari, kwa ajili ya mshahara. Lakini mwaka 1915 ilitolewa sheria ya kuwapa maofisa uwezo wa kuwashurutisha watu, na mshahara ukapunguzwa hata rupia 5 kwa mwezi. Habari za magonjwa na vifo zilipoanza kurudi, vijana wakajificha porini waliposikia kwamba askari wa chifu wanakuja. Ndipo mwaka 1917, jeshi lilipokuwa limeingia ndani sana katika nchi ya Wajerumani, serikali ikaamuru mkusanyo mkubwa katika wilaya zote. Aliyepewa kuusimamia ni Bwana John Ainsworth, ambaye wazee wa Machakos walimjua sana, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mkubwa wa boma lao tangu mwaka 1892. Kikosi chenyewe kilikuwa chini ya Bwana Oscar Watkins. Katika miezi michache ya mwaka ule zaidi ya watu 100,000 walichukuliwa katika nchi ambayo leo ni Kenya.

Nyumba ya wazee wetu ilikuwa na wana wawili. Mkubwa alikuwa amekwisha kuoa, na mkewe alikuwa na mtoto mchanga. Mdogo alikuwa bado, lakini baba yake alikuwa amekwisha kumtengea mbuzi kadhaa na mitamba miwili ya mahari, na mazungumzo na nyumba ya msichana yalikuwa yameanza, ila wale mbuzi wa ntheo walikuwa hawajapelekwa. Askari wa chifu walipofika, walitaka mtu mmoja. Babu yetu alivyosimuliwa na baba yake ni kwamba waliokuwa wameshikwa mkono ni yeye mkubwa, kwa sababu ndiye aliyekuwapo nyumbani. Mdogo alirudi kutoka mtoni na ng'ombe, akaona jambo hilo, akasema, "Huyu ana mtoto. Mimi sina." Hakuna maneno mengine yake yaliyohifadhiwa. Akaenda pamoja nao siku ile ile.

Wazee, twaomba mliangalie jambo hili kwa makini. Watu wote wa upande wetu, yaani wa nyumba ya mkubwa, ambao leo ni zaidi ya 100, wametoka kwa mtu aliyeachwa nyumbani. Babu yetu mwenyewe alizaliwa miaka kumi na zaidi baada ya siku ile.

Kutoka Wamunyu walitembea mpaka Machakos. Huko wapagazi walitazamwa na daktari, wakapewa blanketi, na kila mmoja akavishwa shingoni kipande cha madini chenye nambari. Kisha wakapelekwa Nairobi, wakapanda gari la moshi mpaka Mombasa, na kutoka Mombasa meli ikawachukua kusini mpaka Kilwa. Mwaka 1917 majeshi ya Waingereza yalikuwa yakisukuma kuingia bara kutoka bandari za Kilwa na Lindi, na nyuma ya kila safu ya askari palikuwa na safu ndefu zaidi ya wapagazi, kila mmoja na mzigo wa ratli 50 au zaidi.

Risasi ziliua wachache katika wapagazi. Waliuawa na maradhi na chakula. Mtu wa Ukambani alizoea isyo iliyochemshwa muda mrefu, na muthokoi, na maziwa. Huko alipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, naye amefika kambini usiku, kuni zimelowa, maji ni machafu, amechoka. Akaula nusu mbichi. Tumbo likaharibika, ndipo kuhara damu kukamkamata. Wengine walikufa kwa malaria, na wengine, hasa watu wa nchi za baridi, kwa homa ya mapafu, wakilala katika mvua bila kibanda. Waganga wa jeshi waliyajua haya, na katika mwaka huo huo chakula na hospitali zikafanyiwa matengenezo, lakini watu waliletwa wengi kupita nguvu za matengenezo hayo.

Jirani mmoja wa hapa Wamunyu alikwenda katika kundi moja na Babu Mdogo. Huyo alirudi. Vita katika Afrika ya Mashariki ilikwisha tarehe 25 Novemba, 1918, mkuu wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, alipotoa silaha zake huko Abercorn, mji ambao sasa waitwa Mbala, katika Zambia. Waliorudi walikuta mvua zimekosekana tena, na ile homa kuu ya mafua ya mwaka 1918 ikiua watu vijijini. Katika hali hiyo yule jirani alikwenda kwa mama wa Babu Mdogo, akamwambia yale aliyoyaona: kwamba walitembea pamoja siku nyingi kutoka Kilwa, kwamba mwenzake alishikwa na kuhara damu, akachukuliwa kwa machela mpaka hospitali ya wapagazi, nao waliokuwa wazima wakaamriwa kuendelea mbele. Aliporudi kwa njia ile ile, alimwuliza kila mtu habari zake, wala hakupata. Hayo ndiyo yote. Mahali alipozikwa hapakujulikana, wala siku aliyokufa. Mshahara wake haukufika nyumbani. Mishahara ya maelfu ya wapagazi waliokufa haikuwafikia jamaa zao kamwe.

Idadi ya waliokufa namna hii ni ya kutisha. Serikali ya wakati ule ilihesabu wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa katika upande wa Waingereza. Wataalamu wa historia waliochunguza baadaye wameona kwamba idadi hiyo ni ndogo, na kwamba yaelekea walikuwa karibu 100,000 katika nchi zote zilizotoa wapagazi. Mtu akisikia hesabu kama hizi, akili husimama. Kwa hiyo tumemleta huyu mmoja.

Yafaa sasa tuseme jambo juu ya desturi za kale, kwa ajili ya vijana wasiozijua. Katika Ukambani wa zamani kaburi halikuwa la kila mtu. Wazee wakubwa walizikwa, lakini wengi wa wengine walipelekwa porini. Watu wetu hawakumkumbuka marehemu kwa jiwe. Walimkumbuka kwa jina na kwa uzao. Mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba, na kwa njia hiyo mtu hurudi kutajwa katika nyumba yake kila siku, akiitwa kula, akitumwa kisimani, akikemewa pia. Profesa John Mbiti, mwana wa Kitui, ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na fikira za Waafrika, kwamba marehemu huhesabiwa kuwa angali karibu na watu wake muda wote wapatikanapo wanaomkumbuka kwa jina, hata kwa vizazi vinne au vitano, na kwamba asiyeacha mtoto huwa kama aliyekatwa katika mlolongo wa uhai. Kwa fikira hizo, hasara ya nyumba yetu ilikuwa kubwa kuliko kukosa kaburi. Kijana aliyepona Ngomanisye alikuwa karibu kufa mara ya pili, kwa kutotajwa.

Kwa jambo kama hili wazee walikuwa na njia, nayo ndiyo iweto. Mwanamke asiye na mwana, au aliyefiwa na mwanawe kabla hajaoa, aliweza kutoa mahari, akaleta mke nyumbani kwa jina la mwana huyo. Watoto waliozaliwa na mke huyo walihesabiwa kuwa wa yule aliyekufa, wakapata sehemu yake ya ng'ombe na ya shamba. Na kuweta, katika Kikamba, ni kutaja.

Mama wa Babu Mdogo alingoja miaka mitatu baada ya habari ile ya jirani, maana moyo wa mzazi husema huenda akatokea. Kisha akapeleka neno lake kwa wazee waliokuwa wakikutana katika thome. Ilisimuliwa kwamba baadhi yao walimshauri asubiri zaidi, na wengine wakasema kwamba mifugo ile ingefaa kutumiwa kumwolea mkubwa mke wa pili. Yeye akawajibu kwamba mifugo ile ina mwenyewe. Mbuzi walikuwa wamezaa, na wa mitamba ile miwili mmoja alikuwa amepona ukame wa mwaka 1918. Akaleta mke kwa mifugo ile ile iliyotengwa na mumewe kwa ajili ya mwanawe, wala hakuongeza kitu kutoka zizi la mkubwa. Mkubwa hakupinga. Yeye mwenyewe ndiye aliyewachunga wale mbuzi miaka yote hiyo.

Mke huyo alizaa wana wawili na binti mmoja. Mwana wa kwanza akaitwa kwa jina la baba wa Babu Mdogo, kama ilivyo desturi. Wana hao wawili walipooa, kila mmoja akampa mwanawe wa kwanza jina la babu yake, yaani jina la yule kijana wa mwaka 1917. Hao ndio wale wazee wawili tuliowataja mwanzo. Wana mvi, na wajukuu wao wamo katika shule za hapa.

Lazima tumtaje na mama huyo aliyeolewa kwa iweto. Aliishi katika nyumba ya mtu ambaye hakumwona hata siku moja, akalima shamba lake, akawafundisha watoto kusema, "Baba yetu alikwenda Kariakoo." Hatuandiki haya ili kuwataka watu warudie desturi ile. Makanisa yameipinga tangu zamani, na mabinti zetu wa leo wana haki ya kuamua mambo yao. Twaandika kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na kwa sababu bila ya mama huyu habari yote ingekwisha Kilwa.

Labda mtu atauliza, mambo ya zamani kama haya yatusaidia nini leo? Tutamjibu kwa jambo lililotokea katika ukoo wetu wenyewe. Miaka michache iliyopita, shamba la wazee lilipokuwa likigawanywa ili kila nyumba ipate hati yake, kijana mmoja wa upande wetu aliuliza mbele ya watu kwa nini nusu ya shamba iende kwa uzao wa mtu ambaye hana kaburi hapa, wala picha, wala cheti. Hakusema kwa ubaya, maana hakuwa amesimuliwa. Lakini wale wa nyumba ya pili walinyamaza kimya, na mzee mmoja wao akainuka kutaka kuondoka. Ndipo babu yetu, ambaye wakati ule alikuwa amepita miaka 80, akaomba kiti, akaeleza habari hizi tangu Ngomanisye mpaka wale mbuzi. Alipofika mahali pa maneno yale, "Huyu ana mtoto, mimi sina," alimwonyesha yule kijana kwa fimbo yake, akamwambia, "Mtoto aliyesemwa pale ni ndugu yangu mkubwa. Sisi sote twala chakula cha mtu huyu." Shamba likagawanywa nusu kwa nusu, wala hakuna aliyekwenda kwenye baraza la mashauri.

Babu yetu amekwisha kufariki. Kama angefariki miaka miwili mapema, twaogopa kufikiri shauri lile lingekwishaje. Nyumba mbili za mama mmoja zingetengana, kwa sababu mtu mmoja aliyejua amekufa na hakuna aliyeandika.

Hapa Wamunyu vita ile yakumbukwa sana kwa upande mmoja. Wageni wanapokuja kutazama kazi za wachongaji wetu, huelezwa habari za Mutisya Munge, aliyekwenda katika vita hiyo, akaona ufundi wa Wazaramo wa kuchonga miti migumu, na aliporudi akawafundisha watu wa hapa. Kutoka kwake ufundi ukaenea katika nyumba nyingi, ukafika Nairobi na Changamwe katika Mombasa, na vinyago vya mpingo na muhugu kutoka mikono ya watu wetu vikauzwa Ulaya na Marekani. Ni haki kabisa kumheshimu, na watoto wengi wa Wamunyu wamelipiwa karo kwa ufundi huo. Ila tukumbuke kwamba yeye ni mmoja wa waliorudi. Safari ile ile iliyotuletea ufundi ilichukua vijana wasiorudi, na habari zao hazina kinyago.

Waingereza kwa upande wao waliweka ukumbusho. Katika Nairobi, kando ya barabara ambayo leo yaitwa Kenyatta, zasimama sanamu za shaba zilizowekwa katika miaka ya 1920, na mpagazi yumo miongoni mwake. Sanamu za namna hiyo zimo pia Mombasa na Dar es Salaam. Maandishi ya Kiswahili yamo. Jina la mtu hata mmoja halimo. Askari wa Kizungu waliokufa katika vita ile ile waliwekewa kila mmoja jiwe lake, au jina lake katika ukuta. Lakini kwa wapagazi wakubwa wa wakati ule waliona kwamba sanamu moja ya wote yatosha.

Jambo hili limekuja kukiriwa baada ya miaka 100. Mwezi wa Aprili, 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ya uchunguzi wake, ikaomba radhi, na waziri wa ulinzi wa Uingereza akaomba radhi katika bunge lao. Taarifa hiyo ilikisia kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa wa Afrika ya Mashariki na Misri. Mwezi wa Januari, 2025, katika Cape Town, ulifunguliwa ukumbusho wa Waafrika zaidi ya 1,700 wa Afrika Kusini waliokufa katika kazi za jeshi wakati wa vita ile, na kila mmoja amewekewa nguzo ya mti yenye jina lake. Nguzo zile ziliwezekana kwa sababu majina yalipatikana. Ikiwa siku moja watu watakuja Machakos kutuuliza majina ya vijana wetu, tutawajibu nini? Karatasi nyingi za kikosi kile zimepotea. Majina yaliyobaki yamo katika vinywa vya wazee, na vinywa hivyo vyapungua kila mwaka. Ukurasa wa misiba katika kitabu hiki ni ushahidi.

Kwa hiyo halmashauri imekubali mambo mawili, nasi twayaleta kwenu.

La kwanza, chama kimefungua daftari la waliokufa wakiwa vijana. Kila nyumba yaombwa kuleta habari za ndugu yake, awe mpagazi wa mwaka 1917, awe askari wa vita ya 1939 mpaka 1945, awe kijana aliyekufa katika ajali ya barabarani mwaka uliopita, au mtoto wa shule. Yatakiwa mambo machache tu: jina lake, jina la baba na la mama yake, mbai yake, kijiji chake, njaa au mvua au jambo kubwa linalotuonyesha alizaliwa lini, na jina la mtu aliyemwona mara ya mwisho. Ikiwa lipo neno lolote alilosema linalokumbukwa, liandikwe kama lilivyo, bila kupambwa.

La pili, katika karatasi ya msiba ya chama imeongezwa safu moja mpya. Chini ya nafasi ya mjane na watoto, karani atauliza: ni nani atakayepewa jina lake? Mtu akifa bila mtoto, ndugu zake watajibu swali hilo siku ile ile, wakiwa wamekusanyika, kabla ya kutawanyika. Haitahitaji mahari wala kesi. Yahitaji tu kwamba kaka au dada akubali kwamba mtoto atakayezaliwa katika nyumba yake ataitwa kwa jina la marehemu, na jambo hilo liandikwe.

Daftari hilo liko kwa karani, nalo litaletwa katika kila mkutano. Ukurasa wa kwanza umekwisha kujazwa na nyumba yetu. Wazee wasioweza kufika kwa ajili ya uzee au ugonjwa watafuatwa makwao, nasi twawaomba wajukuu wao wawe karibu siku hiyo, wasikie kwa masikio yao.



Ni sisi, karani wa chama, kwa niaba ya halmashauri.